Ndugu yangu anaangusha kulungu wa Marekani kwa mshale mkavu. Kwa nini wazee wetu walishikilia sumu?

#1 MkoleMkavu (Ngaramtoni)

Wakuu salaam.

Mtoto wa baba yangu mdogo yuko Wisconsin, Marekani, huu mwaka wa tisa. Ameingia kwenye uchongaji wa pinde huko kama nilivyoingia mimi huku. Novemba iliyopita alinipigia video akiwa porini, pumzi inamtoka kama moshi kwa baridi, na miguuni pake amelala dume la kulungu wa kwao, yule wanaomwita wa mkia mweupe. Upinde ameuchonga mwenyewe kwa mti uitwao hickory. Wano (mti wa mshale) la mbao, manyoya ya bata mzinga, kigumba (ncha ya mshale) cha chuma kipana kama jani la mchungwa, kina makali pande zote mbili. Sumu hakuna. Mnyama alipigwa, akakimbia hatua kama themanini, akalala.

Mimi nimekulia Karatu. Babu alikuwa na pinde mbili alizozitundika darini juu ya moto, na neno lake lilikuwa moja: mshale mkavu ni wa kanga na pimbi, mwenye kwato hapigwi bila uchungu. (Kwa wasiolijua neno hili, uchungu wa mshale ndiyo sumu yenyewe.) Sikuwahi kumuuliza sababu, na sasa hayupo.

Mdogo wangu ananiambia, "Kaka, wazee walitumia sumu kwa sababu pinde zao zilikuwa dhaifu." Iliniuma, na sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hili wiki mbili. Nani anajua?

Niseme mapema: mimi siwindi. Nachonga pinde za mti wa mkole, nalenga gunia nyuma ya nyumba, basi.

#2 SitiYaMbele

Nimekaa. Uzi kama huu haupatikani kila siku.

#3 Mwalimu_Rau (Moshi)

Kabla hatujafika mbali, mleta uzi, tuweke mnyama sawa. Huyo wa Wisconsin si kulungu wetu. Sisi kulungu, mbawala na pongo tunayachanganya kutegemea mtu ametoka wapi, lakini wote ni jamii ya pembe za kudumu: mfupa ndani, ganda juu, na hazidondoki mpaka kufa. Wa Marekani pembe zake ni mfupa mtupu wenye matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Afrika nzima mwenyeji wa jamii ile yuko kaskazini tu, maeneo ya mpaka wa Algeria na Tunisia. Waliotafsiri Zaburi ya 42 walimwita ayala, na mimi naona ndilo jina linalomfaa.

Nimelisema hili kwa sababu huenda jibu limo humo humo. Mnyama tofauti, silaha tofauti.

#4 MkoleMkavu

Asante Mwalimu. Kuanzia sasa ni ayala.

#5 BondeLaEyasi (Mangola)

Ndugu #1, mwambie mdogo wako hajawahi kuvuta upinde wa Mhadzabe. Mimi nimekua nao hapa ziwani, tumecheza pamoja tangu wadogo. Nilipokuwa na miaka 19 nilipewa upinde wa rafiki yangu niujaribu, nikaufikisha kifuani, mikono ikaanza kutetemeka. Yeye aliuvuta huku anaongea. Watafiti waliopima pinde zao walipata wastani wa karibu ratili 69, yaani kilo 31 hivi. Mdogo wako wake unavuta kilo ngapi?

#6 MkoleMkavu

Aliniambia ratili 50. Kama kilo 23.

#7 BondeLaEyasi

Basi hoja ya udhaifu imekwisha.

#8 Holili_Mpakani

Naiongezea uzito. Upande wa pili wa mpaka, Tsavo, kuna Waata, ambao wengine waliwaita Waliangulu. Pinde zao zilipimwa zikapita ratili 100, na walikuwa wanaangusha ndovu. Na bado mishale yao ilipakwa sumu ya mti wa msunguti. Watu wenye pinde nzito kuliko wote ukanda huu ndio waliokuwa mabingwa wa sumu. Kwa hiyo sumu haikuja kuziba pengo la nguvu.

#9 DaktariWaNg'ombe (Moshi)

Mimi ni daktari wa mifugo, nitasema ninachokijua kazini.

Mshale haufanyi kazi kama risasi. Risasi inapasua na kutikisa nyama pembeni ya njia yake. Mshale unakata tu. Mnyama wa kilo 60, tuseme swala dume, ana damu kama lita nne na nusu. Akipoteza theluthi moja kwa haraka hasimami tena. Ukipitisha kigumba kipana katikati ya mapafu yote mawili, damu inamwagika ndani na hewa inaingia kifuani, mapafu yanasinyaa. Sekunde chache tu. Ndicho alichokifanya mdogo wa mleta uzi.

Sumu za huku ni njia nyingine kabisa. Msunguti, mbegu za mmea wa Strophanthus, utomvu wa waridi la jangwani, zote tatu zinagonga moyo. Zinafunga vile vipampu vidogo vya chumvi kwenye seli za msuli wa moyo, mapigo yanapoteza mpangilio, moyo unasimama. Hapo huhitaji kupata mapafu. Ukipata paja, kwa kiasi cha kutosha, inatosha.

Kwa hiyo jibu langu: mshale mkavu unataka shabaha ya sehemu ndogo, mshale wa sumu unasamehe shabaha mbaya.

#10 OlMorijoi (Monduli)

Daktari umenigusa. Jina langu humu ndilo jina la msunguti kwa Kimaasai.

Nataka muone kitu. Sisi tunampiga ng'ombe mshale bila kumuua. Kijana anamfunga ngozi shingoni mpaka mshipa unavimba kama kidole gumba, mwingine anasimama karibu kabisa, hatua moja au mbili, na upinde mdogo. Kigumba kimezungushiwa kizuizi nyuma ya ncha, kinaingia urefu wa kucha tu. Damu inaruka kwenye kibuyu. Ikitosha, kamba inafunguliwa, jeraha linabanwa kwa kidole, linajifunga. Ng'ombe anarudi kula majani.

Nilikuwa nashika kibuyu nikiwa na miaka saba. Nilichojifunza ni kwamba tundu dogo linajifunga. Mshale wenye ncha nyembamba, hata ukiingia ndani, mwili unajitahidi kuuziba. Ndiyo maana ncha nyembamba lazima ibebe sumu, na ncha pana inaweza kwenda peke yake.

#11 DadaKiboriloni

Sasa kaka OlMorijoi, kama ni hivyo, kilichowashinda wazee kupanua kigumba ni nini? Wahunzi walikuwepo. Kwetu Uchagani wahunzi walifua mikuki mipana kama mkono, kila mtu anaijua.

#12 FundiTupa (Unga Limited)

Chuma, dada. Chuma kilikuwa mali. Mkuki unaurudia baada ya kuchoma, mshale unapotea majanini. Nani atatupa chuma cha jembe porini mara kumi kwa siku? Ncha ndogo yenye sumu ni matumizi madogo ya chuma, kazi kubwa.

Nimejaribu kufua kigumba kipana kwa kipande cha springi ya Land Rover. Kutwa nzima nimetoa viwili. Kwa msumari wa inchi sita nafua sita kabla ya saa nne.

#13 BondeLaEyasi

Fundi hapo nakukatalia kwa heshima. Wadatoga wa hapa wanafua vigumba vipana vya majani, na Wahadzabe wanavinunua kwao kwa asali na nyama, siku hizi hata hela. Wahadzabe wenyewe wanagonga misumari baridi juu ya jiwe. Podo (mfuko wa mishale) la mtu mmoja utakuta aina tatu: mti mtupu uliochongoka kwa ndege na wanyama wadogo, chuma kipana kisicho na sumu, na chuma chenye ndevu kilichopakwa sumu na kuviringishwa ngozi isikauke wala kumchoma mwenyewe. Kigumba kipana walikijua vizuri. Na kwa mnyama mkubwa bado walichagua sumu.

Jibu langu mimi ni fisi.

#14 SitiYaMbele

Fisi kafanyaje tena?

#15 BondeLaEyasi

Mnyama uliyemjeruhi huku humfuati peke yako. Fisi, mbweha, tai, na zamani simba. Ukimpiga swala saa kumi na mbili jioni kwenye maji na akaenda kulala kichakani, ukisema utamfuata asubuhi utakuta kwato. Nimekwenda na rafiki zangu kufuata damu mara mbili nikiwa kijana. Mara ya pili tulikuta fisi watatu wameshakaa, nyama yote imekwisha, tukarudi na pembe moja. Sumu inamfupishia mnyama safari.

#16 Mkaratu_Wisconsin

Salaam wote. Mimi ndiye mdogo mtu. Kaka kanitumia uzi nikaona niingie mwenyewe badala ya kusemewa.

Kwanza kaka, samahani kwa lile neno la udhaifu. Nilisema bila kupima. Wa kwangu sasa naona ndio mwepesi.

Pili, huyo wa #15 amenifungua macho. Sisi huku tunafundishwa kusubiri. Ukimpata mapafuni subiri nusu saa ndipo ufuate damu. Ukimpata tumboni, kosa baya kuliko yote, unasubiri muda wa saa sita mpaka kumi na mbili, umwache alale afe alipolala, maana ukimfukuza anakwenda kilomita. Hilo linawezekana kwa sababu Novemba huku ni baridi, nyama haiharibiki upesi. Nikifikiria kusubiri muda wa saa kumi na mbili Mangola kwenye joto na fisi, naona haiwezekani kabisa.

Tatu, tunakaa juu ya mti, mita tano au sita kutoka chini, na ayala anapita chini yetu mita kumi na tano. Hatunyatii. Nimekaa mtini siku kumi na moja msimu huu ndipo nikaachia mshale mmoja.

Na hatuna hiari. Sheria ya Wisconsin inakataza sumu, inataka upinde usiopungua ratili 30 na kigumba cha upana wa karibu inchi moja. Msimu wa mishale unaanza katikati ya Septemba mpaka mapema Januari, na bila leseni hugusi kitu.

#17 DadaKiboriloni

Karibu kaka. Siku kumi na moja juu ya mti! Mke anasemaje?

#18 Mkaratu_Wisconsin

Anauliza nyama iko wapi, dada.

#19 MzeeSanyaJuu

Vijana, nimesoma yote. Mnaongea vizuri lakini kuna mtoto atasoma hapa aende kutega paa kwenye shamba la jirani. Kuwinda bila kibali ni kosa, hata kwa upinde, hata paa mmoja. Na sumu kwenye silaha ni marufuku kabisa. TANAPA hawatakuuliza kama ni utamaduni.

#20 Mwalimu_Rau

Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo tu: TANAPA ni hifadhi za taifa. Nje ya hapo, mapori ya akiba na mapori tengefu, wenye kazi ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Sheria yenyewe ni ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009. Wahadzabe wanaachiwa kuwinda kwa ajili ya kujikimu, na huo si mlango wa sisi wengine kupita.

#21 MzeeSanyaJuu

Marahaba mwalimu. Umesahihisha vema.

Baba yangu alipiga minde juu huku msituni, mlima wa Kilimanjaro, miaka ya kabla ya uhuru. Minde ni paa mkubwa mweusi, ana kishungi chekundu kichwani, hayupo nchi nyingine duniani zaidi ya Tanzania. Leo amekuwa adimu sana. Mimi nimemwona mara moja maishani, alfajiri, alisimama akanitazama, akaingia kwenye ukungu. Sikutamani upinde siku ile.

#22 UpoteWaKatani (Usa River)

Mzee umeniliza.

Swali la pembeni kwa mleta uzi: upote (kamba) wa upinde wako ni wa nini? Mimi nimesokota katani, nyuzi kumi na mbili, unakatika kila wiki ya tatu.

#23 MkoleMkavu

Nilianza na kamba ya nailoni ya dukani, soko la Kilombero. Usiguse. Inavutika kama mpira, mshale unatoka umechoka. Katani nayo ni ngumu lakini inakatika pale inapopinda kwenye ncha za upinde. Paka nta ya nyuki, na pale kwenye kitanzi zungushia uzi mwembamba wa pamba. Kano za mgongo wa ng'ombe ndizo nzuri kuliko zote, omba machinjioni, zianike, zigonge taratibu mpaka zifunguke nyuzi nyuzi, sokota zikiwa na unyevu. Ila mvua zikianza upote wa kano unalegea.

Na msikimbilie kuuvuta upinde mbichi. Wangu wa kwanza niliuchonga baada ya wiki mbili tu za kukausha. Nikauvuta polepole barazani, nikasikia "tik", sauti ndogo kama ukucha ukigonga kikombe. Nikaugeuza. Upande unaotazama mbele palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, pale ambapo randa ilikuwa imekata pete ya mti na kuingia ya chini yake. Nilijua umekufa. Nikauvuta tena hata hivyo, kwa tamaa, ukakatika na kunipiga sikio. Tangu siku hiyo upande wa mbele siugusi na chuma. Nabandua gamba kwa kucha na kisu butu, nauacha kama Mungu alivyouumba. Nachonga tumbo peke yake, yaani upande unaomwelekea mpigaji.

#24 FundiTupa

Hapo umesema kweli tupu. Mti wa babu darini haukuwa pambo. Moshi ulikuwa unaukausha miezi.

#25 HesabuZaMtaani (Sakina)

Naona mmeacha kitu cha msingi: sikio la mnyama.

Mshale wa upinde wa kuchonga unakwenda kama mita 50 kwa sekunde. Sauti inakwenda karibu mita 340. Mnyama akiwa mita 20, mlio wa upote unamfikia kwa sekunde 0.06, mshale unafika kwa sekunde 0.4. Ana theluthi moja ya sekunde ya kujikunja kabla haujafika. Swala wa huku anaishi na chui. Kila mlio kwake ni kifo. Anaruka. Mshale uliolengwa mapafuni unaishia paja au tumbo. Rudini kwa Daktari #9: mshale uliokosa mapafu bila sumu haufai. Ndiyo sababu ya uchungu, na mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote.

#26 Mkaratu_Wisconsin

Ayala naye anajikunja, mkuu. Nimeona kwa macho. Anashuka magoti kabla ya kuruka, mshale unapita juu ya mgongo. Kwa hiyo tunalenga chini kidogo ya moyo, na hatupigi mbali. Wa huku wana mbwa mwitu na dubu sehemu nyingine, si kwamba wamelala.

#27 HesabuZaMtaani

Sawa, lakini wewe uko juu ya mti, hajakuona, hana wasiwasi. Aliyekwisha kushtuka anajikunja mapema zaidi.

#28 BondeLaEyasi

Wahadzabe nao kiangazi wanajificha kwenye kibanda cha majani karibu na maji, usiku, mnyama anakuja kunywa mita chache. Hajawaona vilevile. Na bado sumu.

#29 Kumbukumbu_Themi

Niwape kisa cha hapa kwetu. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa pinde na mishale mikavu. Pope alikuwa daktari wa upasuaji. Upinde alifundishwa na Ishi, Mwindi Mwekundu wa kabila la Wayahi aliyejitokeza California mwaka 1911, wa mwisho wa watu wake. Simba walipatikana, lakini bunduki zilikuwa pembeni muda wote na zilitumika. Sasa jiulizeni: wazee wetu walikuwa na bunduki pembeni?

Na msidhani sumu ni ya Afrika tu. Huko huko Marekani, jimbo la Mississippi, wawindaji wa ayala wamewahi kutumia mshale wenye kifuko cha mpira nyuma ya kigumba, ndani unga wa dawa inayolegeza misuli. Mshale ukiingia mpira unajikunja nyuma, dawa inabaki ndani. Watu wa kisasa, pinde za kisasa, na bado walitaka uchungu. Walisema ni ili mnyama aliyejeruhiwa asipotee.

#30 Mkaratu_Wisconsin

Hili la Mississippi sikulijua kabisa. Nimeuliza wazee wawili wa klabu yetu, mmoja amekubali, mwingine amekasirika.

#31 Mwalimu_Rau

Kumbukumbu, naomba neno lako "Mwindi Mwekundu" tuliache, Myahi anatosha.

Halafu huyo Ishi ndiye anayenisumbua kwenye hoja zote za humu. Hakuwa na chuma cha kutosha, hakuwa na bunduki, alikuwa na njaa, alinyatia ayala kwa miguu, na vigumba vyake vilikuwa vya jiwe la volkano linalong'aa kama chupa. Jiwe hilo likichongwa linakata kuliko wembe. Bonde la Ufa lina jiwe hilo hilo, Naivasha liko tele. Basi chuma kuwa ghali si sababu, Fundi. Makali yalikuwepo duniani kabla ya chuma.

#32 FundiTupa

Naivasha si Karatu, mwalimu. Na jiwe linavunjika kwenye mfupa.

#33 OlMorijoi

Lakini California kuna msunguti? Mtu hutumia alichopewa na ardhi yake. Mti wa sumu ukikuota mlangoni, utauacha? Wazee hawakukaa kuchagua baina ya njia mbili. Walikuta mti.

#34 DadaKiboriloni

Daktari, umesema waridi la jangwani. Mimi nina vyungu viwili barazani, nilinunua kwa wauza maua pale barabarani, yana maua mekundu mazuri. Ni hayo hayo? Nina mjukuu anatambaa.

#35 DaktariWaNg'ombe

Ni hayo hayo dada. Adenium. Usiogope kuwa nayo, lakini yapandishe juu asipofika mtoto, ukikata tawi vaa glavu, utomvu usiguse jicho wala kidonda. Akitafuna jani, hospitali moja kwa moja, usisubiri dalili.

Na niseme kwa wote: hili ni jambo la kuelewa, si la kujaribu. Sumu ya mshale haina dawa ya jikoni. Watu huuliza mbona nyama inaliwa. Kiini cha msunguti kinasharabiwa kidogo sana tumboni, na wawindaji hukata nyama ya pale mshale ulipoingia wakaitupa. Hiyo haina maana kwamba wewe uichezee.

#36 DadaKiboriloni

Nimeshavipandisha juu ya tangi la maji. Mungu akubariki.

#37 UpoteWaKatani

Wachaga kwa maua mazuri hatuwawezi, hata sumu wanaipaka rangi.

#38 DadaKiboriloni

Njoo uchukue chungu kimoja, mtu wa Usa. Nitakufungia na ndizi.

#39 MkoleMkavu

Nimerudi. Jumamosi nilifanya jaribio.

Niliupima upinde wangu kwa mizani ya kutundika ya mchinja nyama: kilo 22 nikivuta sentimita 65. Nikajaza gunia udongo wa mfinyanzi uliolowa, nikalining'iniza. Mita 15. Mishale mitano ya msumari mwembamba, mitano ya kigumba cha Fundi cha springi (nilimfuata Unga Limited, asante fundi, ulinipunguzia).

Mwembamba uliingia kama kiganja na nusu. Mpana uliingia kiganja kimoja tu. Nikajua nimeshapata jibu: kigumba kipana kwenye upinde wa nguvu hii hakifiki ndani. Lakini nilipovuta mishale nikaangalia matundu. La msumari lilikuwa limejifunga, nikalitafuta kwa kidole. La kigumba kipana lilibaki wazi, mdomo kama wa kasha la barua, na ukingo umekatwa safi.

Nilikaa chini mbele ya lile gunia muda mrefu. Nilimkumbuka babu.

#40 HesabuZaMtaani

Udongo hushika ubao wa wano kwa pembeni, mkuu. Mwili una damu na mafuta, unateleza. Jaribio lako linaudhulumu mshale mpana.

#41 Mkaratu_Wisconsin

Kaka, mawano yako yana uzito gani? Yangu ni mazito, karibu gramu 40 pamoja na kigumba. Mepesi hayapenyi hata upinde uwe wa Waata. Na kigumba kililiwa na tupa mpaka kinanyoa nywele za mkono? Kama hakinyoi hakijawa tayari.

#42 MkoleMkavu

Mepesi. Gramu 25. Na hakinyoi.

#43 FundiTupa

Kilinyoa kilipotoka kwangu. Udongo una mchanga.

#44 BondeLaEyasi

Wakuu, jana nilimpelekea mzee mmoja Mhadzabe tumbaku nikamuuliza swali la uzi huu kama lilivyo. Alicheka kwanza. Nilimweleza habari ya mtu wa Wisconsin, mti, baridi, kusubiri. Akauliza, "Anakaa peke yake? Mnyama akianguka anambeba na nani?"

Nikamwambia peke yake, anamburuta mpaka kwenye gari.

Akasema yeye akishampiga mnyama mkubwa hamkimbilii. Anatazama ameelekea wapi, anaokota wano kama limedondoka, anarudi kambini. Anawaambia watu. Wanakwenda wengi kesho yake alfajiri kufuata nyayo, wenye macho ya vijana mbele, na mnyama akiwa ameangukia mbali, wabebaji wapo. Sumu inafanya kazi yeye akiwa kwenye moto na wenzake.

Nikamkumbusha fisi. Akasema fisi wapo, ndiyo, mara nyingine wanakula, ndiyo maana wanaondoka giza halijaisha.

#45 OlMorijoi

Hii imenigusa kuliko yote.

#46 HesabuZaMtaani

Imenigusa na mimi, lakini inapingana na #15. Kule sumu ni ya kuharakisha, huku ni ya kumpa mwindaji nafasi ya kwenda nyumbani. Haziwezi kuwa zote.

#47 BondeLaEyasi

Ndivyo alivyosema. Mimi nimeleta tu.

#48 MzeeSanyaJuu

Kwa nini zisiwe zote, kijana? Panga inakata kuni na inachinja kuku.

#49 Mkaratu_Wisconsin

Lile swali lake, "anambeba na nani", sijalala nalo. Nilimburuta yule ayala kwa muda wa saa mbili na nusu kwenye theluji, peke yangu, nikawa naongea naye njiani.

Kaka, Desemba nakuja. Nikatie mkole sasa hivi, uanze kukauka. Unene wa kifundo cha mkono, urefu unizidi kidogo, usiwe na fundo katikati.

#50 MkoleMkavu

Nimeukata asubuhi hii. Nimepaka nta ncha zote mbili usipasuke. Sina jiko la kuni, kwa hiyo nimeupeleka kwa mama mkubwa Karatu, uko darini, pale pale palipokuwa pa babu.

Fundi, UpoteWaKatani, wengine mlio karibu: Jumamosi saa nne, Ngaramtoni, mje na mawano mazito. Gunia nimelibadilisha, nimetoa udongo nimeweka pumba na mifuko.

#51 UpoteWaKatani

Nakuja na kano. Nimepata machinjioni, bado zinanuka.